Shuka la Watu Wawili

Shuka kubwa la hoteli huwezi kulikunja peke yako likakaa sawa. Linataka watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, wanavuta mpaka linyooke, wanalikung'uta mara moja, halafu mmoja anatembea kumfuata mwenzake na kumkabidhi pembe zake. Hapo ndipo penye sheria. Anayekuja haachii mpaka anayepokea aseme, "Achia." Ukiachia mapema shuka linaanguka kwenye sakafu ya maji, na linarudi kufuliwa upya.

Mama na mama mdogo walikuwa wanakunja pamoja pale udobini, kwenye chumba kirefu chenye mvuke nyuma ya ghala la mbao. Mama ndiye aliyeanza kazi pale, akamwombea mdogo wake nafasi, akamfundisha. Lakini anayetembea ni Mama. Mama mdogo anasimama karibu na meza, anapokea, anasema achia. Kutwa nzima Mama anakwenda na kurudi. Wanawake wa upande wa mashine za kufulia walishawapa majina, mmoja Nenda-Rudi, mwingine Nguzo. Siku moja nilimuuliza Mama kwa nini wasibadilishane. Akasema mama yako mdogo hapendi kutembea, yakaishia hapo.

Kwetu hilo la kuachia ni neno la kila siku. Mdogo wangu wa kiume akitaka penseli yangu, mwachie. Mgeni akija, mwachie kitanda. Ukibishana na mtu, mwachie tu. Bibi alimlea Mama kwa neno hilohilo. Mama alimwachia mdogo wake shule, kwa sababu wa kusoma alikuwa mmoja tu na mdogo ndiye aliyelia kwa sauti kubwa zaidi. Akamwachia upande wa ukutani kitandani. Akamwachia gauni la kitambaa cha maua alilokuwa amelivaa mara moja. Bibi mpaka leo anamwita mama mdogo "mtoto." Mtoto ana mume dereva wa lori, ana friji ya milango miwili, na nywele anapaka rangi.

Basi ikaletwa mashine mpya. Inapiga pasi na kukunja yenyewe, inataka mtu mmoja tu wa kuilisha mashuka. Msimamizi wao anaitwa Kola, kwa ajili ya kola yake ngumu ambayo hailegei hata kwenye joto la mle ndani. Akawaita pembeni. Hakuwaambia nani aondoke. Aliwaambia ninyi ni ndugu wa tumbo moja, kaelewaneni, Ijumaa mniambie nani anabaki. Nadhani aliona amefanya ustaarabu.

Mama alitusimulia jioni ile huku anachagua mchele. Alisimulia polepole, kama habari za jirani. Bibi alikuwa mkekani anafuma kofia ya mtoto wa mtu, hata hakuinua kichwa.

"Mwachie mwenzio," akasema. "Wewe unajua kuhangaika. Yule hajazoea."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chetu. Tuna kiti kimoja cha maana, kile cha mbao chenye mikono, ila ubao wa kukalia umepasuka katikati na ukikaa vibaya unakubana nyama mpaka machozi yanakutoka. Ndiyo maana kina mto. Nikasubiri Mama amjibu Bibi, haya, Mama, kama siku zote.

Mama akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Halafu akasema, "Mama, huyo mtoto unayemsema ana mvi. Mimi nina hawa wawili na baba yao hajulikani aliko. Safari hii siachii."

Bibi akakosea kufuma, akaanza kufumua.

Mimi sisemi sana, hata darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua sauti inakwama. Lakini usiku ule nililala nacheka. Asubuhi yake nikamkuta Mama nje anaosha vyombo, anaongea na sufuria. "Bwana, ninabaki mimi," anaiambia. Anaisugua, anaanza tena. "Bwana, nimefikiria. Ninabaki mimi." Nikarudi ndani nikinyata ili asijue nimemsikia.

Wiki nzima walikunja bila kuongea. Ni achia tu, basi.

Ijumaa nilipotoka shule nikapitia udobini ili turudi pamoja. Nikakaa kwenye magunia ya mashuka machafu, mahali pangu pa siku zote. Nikamwamkia mama mdogo, akaitikia vizuri tu, akaniuliza za masomo. Kola alipoingia, Mama alijifuta mikono kwenye aproni, akamfuata. Aliyasema maneno yote kama alivyoiambia sufuria. Hakuruka hata moja.

Kola akamwangalia, halafu akamwangalia mama mdogo.

"Si mlishamaliza?" akasema. "Mdogo wako alinijia tangu Jumanne. Akasema umemwachia. Jina nimeshalipeleka ofisini."

Mama akageuka. Nilitaka nimwone mama mdogo ameinamisha uso, au anatafuta uongo wa kusema. Hakuwa hivyo. Alishangaa kwelikweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa viatu vyake mwenyewe.

"Dada, si nilijua utaniachia?" akasema. "Lini hujaniachia?"

Mama akafungua mdomo. Nikamtafutia na mimi, kichwani mwangu, nikarudi nyuma mpaka kwenye hadithi za utoto wao. Sikupata hata siku moja. Na yeye hakupata.

Kola akasema pole, lakini ofisini hawapendi kubadilishiwa majina, malizieni yaliyopo mezani. Akatoka na kola yake.

Wakamalizia. Shuka la mwisho lilikuwa la kitanda kikubwa kabisa. Wakavuta, wakakung'uta, Mama akatembea. Mama mdogo akashika pembe.

"Achia."

Mama hakuachia.

"Dada, nimeshika. Achia."

"Leo achia wewe," Mama akasema. Hakupaza sauti. Wale wa upande wa mashine hata hawakusikia.

Wakasimama hivyo, vidole vimegusana, shuka limening'inia katikati yao. Halafu mama mdogo akaachia. Nilikuwa sijawahi kumwona akiachia kitu. Shuka lote likabaki kwa Mama. Akalibana kwa kidevu, akalikunja peke yake, upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine, akaliweka juu ya yale mengine hivyohivyo, limepinda. Akavua aproni.

Njiani nilitaka amtukane. Nilitaka aseme neno moja tu baya, nilishike na mimi. Akaniuliza kama nimepewa kazi ya nyumbani.

Jumapili mama mdogo akaja na mfuko wa sukari na sabuni za mche. Bibi akafurahi, akaita, mtoto amekuja. Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo za watu, povu mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa kwenye kiti. Mama mdogo akasimama katikati ya chumba akitazama nilipokaa, wala hakuwa ananitazama mimi, alitazama kiti. Nikashika mikono ya kiti kwa nguvu. Nilikuwa nimejiandaa. Bibi akisema, nitajifanya sijasikia. Akirudia, nitasema sitaki, hata kama sauti itakwama nitaisukuma.

Bibi hakusema. Alikuwa anahesabu mishono.

"Mwachie mama yako mdogo kiti," akasema Mama.

Nikamwangalia. Akainama kwenye beseni.

Nikasimama. Mto nikaondoka nao.