Arobaini na Saba

Sare ya kiwanda cha unga haina mfuko. Ilishonwa hivyo makusudi, mtu asije akatoka getini na konzi ya unga wa tajiri. Kwa hiyo inhela ya mshona magunia, dawa yake ya pumu ya kuvuta, ililala kwenye droo ya msimamizi, imebandikwa plasta yenye namba yake ya kazi: 47.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemfundisha vizuri. "Dada, ya kahawia asubuhi na jioni, hata ukijiona mzima. Hii ya bluu ni ya pumu ikikubana, isikae mbali na mkono wako. Na vumbi ulikimbie."

Alikimbie aende wapi? Vumbi ndilo lililomlisha. Barua ya kliniki alimpelekea msimamizi, naye akaisoma amesimama.

"Nikikupa wewe mfuko, mama, kesho kiwanda kizima kitaugua pumu."

Siku moja, saa nne asubuhi, gunia lilipasuka mbele ya cherehani yake. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Aliinuka mapema, kama alivyofundishwa, akakuta ofisi imefungwa.

"Yuko kikaoni," mfagiaji akamwambia. "Kikao cha usalama kazini."

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akitoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa. Alitamani kuupiga mlango ule mateke. Lakini hasira nayo hula pumzi, na pumzi yenyewe ilikuwa ya kuomba.

Msimamizi alirudi akichezesha funguo. "Wewe tena." Akapekua droo, akamtupia inhela. "Arobaini na saba, haya."

Akaitikisa, akabonyeza, akavuta. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Kavu. Ndipo alipoona plasta imegeuka njano, na mwandiko si wake.

"Si... yangu."

"Namba si yako hiyo?"

"Namba yangu. Dawa... si yangu."

Msimamizi akasonya, akapekua tena, akatoa nyingine yenye 47. Mivuto miwili, na kifua kikaachia kidogo kidogo.

"Ile kavu ya nani?"

"Ya aliyekuwa kwenye cherehani kabla yako."

"Aliacha kazi bila kuchukua dawa yake?"

Msimamizi alizirudisha zote mbili, akafunga droo kwa ufunguo. "Namba ni ya kiwanda, mama. Magunia yanakungoja."

Akarudi kwenye cherehani. Kitini kulikuwa na kimto alichokikuta siku ya kwanza, akashukuru kwamba kuna mtu aliyemwachia. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mwingine. Akakikalia, akaanza kushona.