Jina Chini ya Jina la Fanueli

"Tengeneza, lakini usiandike kitu humo ndani," Tabita alimwambia Gasper kabla fundi huyo hajaweka begi chini.

Gasper akacheka. "Mama, kila fundi anayefungua piano huandika ndani jina lake na tarehe, ili atakayemfuata ajue ilikotoka. Nisipoandika ni kama sikufika Mlowo."

"Wewe ni fundi au mgombea udiwani? Jina kila ukuta!" Tabita mwenyewe hakucheka. "Wa mwisho kuandika humo ni marehemu mume wangu. Nataka abaki wa mwisho."

Akaenda jikoni kutazama maharage. Gasper akatoa ubao wa mbele. Majina ya mafundi yalifuatana kwa penseli kutoka juu, na chini kabisa: Fanueli. Mwandiko mwembamba, umeinama kama mtu anayesikiliza.

Alikaza nyuzi mchana kutwa. Ilikuwa kazi safi, naye alijua ni safi. Hapo ndipo alipoponzeka. Yaani fundi mwingine aje kuifungua, asifu mkono wa Fanueli? Damu ikamchemka. Kanyagio la piano alikuwa amelikaza chini kwa kibao ili nyuzi zote ziwe huru kulia. Akainama na penseli, akaanza chini tu ya jina la marehemu, vichwa vya herufi vikipanda kwenye jina hilo: G, A, S.

Nyuzi zikaguna.

Sababu aliijua. Nyuzi zikiwa huru, huitikia hata mkwaruzo mdogo. Lakini huu mguno ulikuja na pumzi, kama mwanamume anayesafisha koo kabla ya kuuliza jambo. Akaiondoa penseli haraka.

"Amekujibu," alisema Tabita mlangoni.

"Ni nyuzi tu, mama."

Sauti yake ikaingia ndani ya piano, ikarudi ikiwa nzito, si yake tena.

"Kila jioni nakanyaga kanyagio hilo namsalimia," Tabita alisema. "Huitika hivyo hivyo."

Gasper akapapasa begi, akatoa kifutio. "Nisamehe, mama. Nafuta sasa hivi."

"Usiguse!" Tabita alimdaka mkono. "Hujaona? Herufi zako zimepanda juu ya zake. Ukijifuta wewe, na yeye umemfuta."

Nje, malori ya Tunduma yalipita, na piano yote ikanong'ona.

"Haya niambie, mwanangu," Tabita alisema taratibu. "Leo jioni nikisalimia, nitajuaje anayeitika ni nani?"

Gasper alifungua mdomo amjibu, akaogopa kitakachoitikia.