Kisima Kisicho na Jina

Watu wa Sib, kule Omani, wakitoa sadaka huificha, na kwa namna wanavyoificha, ikifika adhuhuri kila nyumba ina habari. Ndivyo ilivyokuwa kwa kisima cha Bi Mahbuba. Jumamosi ile, hata saa nne asubuhi haijatimia, sebule yake ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kuitazama siri hiyo kwenye televisheni. Kisima kilikuwa kinafunguliwa katika kijiji cha Waislamu huko Kambodia. Kijana wa mtaani, Samir, mmoja wa wanaume wanne wa kundi la kujitolea waliosafiri kwenda kukikabidhi, angewaonyesha kila kitu kwa simu. Shariffa, mdogo wake Mahbuba, alikuwa amepanga halwa, sambusa na mkate wa ufuta kwa majivuno, utadhani ni yeye aliyechimba.

Picha ilipotulia, wote wakaona kibao: "Sadaka ya mtenda kheri." Jina hapana.

"Mashallah, dada yangu hapendi kujionyesha," Shariffa aliwaambia wageni. "Ingekuwa mie, ningeandikisha jina kwa dhahabu."

Wageni wakacheka. Mahbuba naye alicheka kidogo. Jina lililokosekana pale halikuwa lake. Lilikuwa la Nawar, dada yao mkubwa, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Na kilichomzuia kuliandika hakikuwa unyenyekevu hata chembe, kilikuwa woga.

Nawar alikufa na kiu. Mafigo yake yaligoma, madaktari wakawa wanampimia maji kwa kijiko. Alasiri ya mwisho Mahbuba ndiye aliyekuwa kitandani pake. "Fundo moja tu, Mahbuba," aliomba, tena na tena. Muuguzi alikwisha kusema: sasa mpeni anachotaka. Lakini Mahbuba ni mtu wa kushika masharti. Alilichukua jagi akalificha nyuma ya pazia, na Nawar akalitazama pazia hilo mpaka macho yakasimama. Ndugu walipofika mbio, Mahbuba aliwaambia, "Alilala tu. Hakuomba kitu." Uongo huo ameukalia miaka mitatu, na haujapata kuwa laini.

Tangu siku ile Nawar humjia ndotoni, midomo imepasuka, hasemi neno. Kwa watu wao, ndoto ya namna hiyo haihitaji wa kuifasiri: maiti akija na kiu, mtolee maji. Mahbuba akatoa kisima kizima. Ila fomu ilipomuuliza kimetolewa kwa ajili ya nani, kalamu ikakwama. Mwenye siri huona kila swali ni lake. Akilini alimwona Shariffa akiuliza: kwa nini maji, dada, na si misahafu? Akaandika "mtenda kheri", akajifariji kwamba Mungu anajua nia.

Kijijini utepe ulikatwa. Watoto wakaurukia mpini wa pampu, maji yakafoka, na sebule nzima ya Sib ikapasuka kwa vigelegele. Kisha sauti ya Samir, aliyezoea kumwita Mahbuba khalati, yaani mama mdogo, ikaja juu ya kelele.

"Khalati Mahbuba, mmemtuma mtu wenu huku na hamkunambia? Kuna bibi kasimama kando ya pampu tokea tulipofika. Kiswahili chake cha kwetu kabisa. Wenyeji wamempa kikombe cha mwanzo, wanasema mgeni atangulie."

"Bibi gani?" Shariffa aliuliza. "Si mmekwenda wanaume watupu?"

"Ndo nnavyoshangaa mie. Haya, mtazameni."

Akageuza simu. Ilionekana pampu, ukaonekana umati, kikaonekana kibao. Kando ya kibao ulitokeza mkono wa mwanamke ulioshika kikombe cha bati. Mwili wake ulikuwa umekatwa na ukingo wa picha, na kila Samir alipoisogeza simu, ukingo ulisogea naye.

Joweria, dada wa kazi wa Kiganda aliyekuwa anamimina kahawa, alisimama na birika mkononi. "Mama," alimwambia Mahbuba polepole, "mbona hao watoto hawamkaribii huyo?"

Kweli. Walikuwa wakisukumana kila upande, isipokuwa upande ule.

Mahbuba aliinama kuielekea televisheni. Alikuwa ameona mgongo wa kile kiganja. Palikuwa na plasta nyeupe, ile ya kushikia sindano ya hospitali, na pembe yake moja imebanduka. Pembe hiyo aliibandua yeye mwenyewe alipokuwa akiuondoa mkono wa dada yake kwenye nguo yake, ili alichukue jagi.

"Hanywi," alisema Samir. "Kashika tu. Kakisoma kibao mara tatu sasa. Anasema hawezi kunywa, kisima si chake, halioni jina."

Kikombe kikaanza kuinama, taratibu, kuelekea chini. Mahbuba alielewa kwamba yakimwagika yale, Nawar ataondoka na kiu yake, wala hatakuwa na pengine pa kwenda kuomba. Aliogopa. Aliwaogopa wageni, akamwogopa Shariffa, na zaidi ya wote akauogopa ule mkono. Hata hivyo akasimama.

"Mwambie ni chake!" alipiga kelele. "Mwambie ni cha Nawar binti Khalfan! Aliniomba maji, jamani. Aliniomba mpaka sauti ikamkauka, na jagi nnalo mie, nimelificha. Nikakwambieni hakuomba kitu. Nilisema uongo."

Shariffa alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Kwenye televisheni kikombe kilisita, kikainuka, kikatoka nje ya picha. Halafu wote wakasikia mtu anakunywa. Mafundo marefu, moja baada ya jingine, karibu mno, kama anayekunywa yuko nao pale mkekani. Kilipoonekana tena, kilikuwa kimewekwa juu ya saruji ya kisima, kwenye jua kali la saa saba mchana wa huko. Watoto wakajaza ile nafasi, na mkono haukuwepo.

"Mtandao ulikuwa unakatika, sikusikia yote," Samir alisema. "Kashaondoka bibi wa watu. Anakusalimu sana, Khalati. Kanywa nusu. Nusu kakuwekea wewe, anasema utaikuta ukifika."

"Basi mmealikwa," alisema Bi Zakiya, jirani, akijaribu kuwachangamsha wenzake. "Nendeni mkakione kwa macho yenu. Huko majira ya baridi hakuna joto."

"Kasema nifike lini?" Mahbuba aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko siku zote za miaka mitatu.

"Hakutaja siku," Samir alijibu. "Kasema tu usiwe na wasiwasi, maji hayatawahi kupata moto kabla hujafika."

Mahbuba aliketi mkekani, akageuka, akaishika mikono miwili ya mdogo wake.

"Shariffa, nipe radhi," alisema. "Nipe sasa hivi. Usingoje wageni watoke."