Kipengele cha Kumi na Moja: Eleza Hali ya Viza Yako

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, fundi viatu alikaa mbele ya dirisha namba nne la ofisi ya ukaazi, gundi ikiwa bado imemganda kwenye kucha. Barua ya wito ilisema wanandoa wafike wote wawili bila kukosa, kwa hiyo marehemu mkewe alikuja. Alivaa gauni lile la maua alilozikwa nalo, pindoni lina udongo kidogo. Alichelewa dakika kumi, akasema lifti mbovu.

Karani alimtazama, akatazama kitambulisho chake, akaweka alama ya vema. Mke ndiye raia. Mume ndiye mgeni.

"Mnaishi pamoja?"

"Hapana, dada," mke alijibu. "Mimi niko makaburini, mwaka wa pili sasa. Yeye yuko palepale nyumbani. Jumapili huja kunipalilia."

Karani akaandika: anwani mbili tofauti. "Hilo linatia shaka. Ndoa ya kweli watu hukaa nyumba moja."

"Atanifuata, ila msimharakishe. Bado ana viatu vya watu."

Fundi hakucheka. Shule aliiachia darasa la nne, lakini kwa hesabu ya miaka hakuna wa kumdanganya. Maombi ya ukaazi wake waliyapeleka wakiwa wazima wote wawili, viza yake ina miezi minane mbele. Wakubwa wakaliatamia jalada mpaka mayai yakaoza. Viza ikaisha humohumo kabatini mwao. Mke akaugua, akafa, jalada halijafunuliwa.

Sasa karani alimsogezea fomu, kidole kwenye kipengele cha kumi na moja. "Andika tu, mzee, kwamba ulikaa nchini bila kibali, kwa kujua. Ndivyo wanavyoandika wote."

"Nikishaandika?"

"Unapewa siku thelathini uondoke. Ndio utaratibu."

Siku thelathini, na kaburi abaki nalo nani? Mtoto hawakujaliwa. Fundi aliitazama kalamu iliyofungwa kamba dirishani, maana pale ofisini mwizi ni mwananchi.

"Usijitwike kosa la watu," mke alisema. "Andika ilivyokuwa. Na herufi ziwe kubwa, macho yangu siku hizi yana vumbi."

Akaandika pole pole, ncha ya ulimi nje: VIZA ILIISHA MIKONONI MWENU. MLIKUWA MMELALA. MKE WANGU ALIKUFA AKIWANGOJA. MIMI SIENDI POPOTE.

Karani alisoma. "Haya si maelezo, ni matusi."

"Tusi ni lipi hapo? Nionyeshe neno, nilifute."

Karani alilitafuta mstari kwa mstari, hakuliona. Akagonga muhuri: HAIJAKAMILIKA. WARUDI WOTE WAWILI BAADA YA MIEZI SITA. Akampa nakala.

"Tutakuja," mke alisema. "Mimi likizo ninayo."

Getini askari alimpa mke shikamoo, akampisha. Mume akazuiwa.

"Karatasi zako, mzee."

Fundi akatoa ile nakala. Askari hakuwa na miwani, kwa hiyo fundi akamsomea mwenyewe, kwa sauti, neno baada ya neno, mbele ya foleni iliyozunguka ukuta mpaka barabarani. Alipomaliza, mama mmoja wa mwisho mwisho, bahasha yake kifuani, akasema hakusikia vizuri.

Fundi akaanza upya.