Vifuniko vya Jikoni

Ijulikane kwa wote wenye masikio na wenye matumbo kwamba umoja wa nchi ulirejeshwa jikoni, kwenye shule ya bweni. Ulidumu tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na waliorejeshewa hawakuwa na habari.

Tangu vita vya Mlimani na Bondeni viishe, shule ilipika sufuria mbili za maharage. Watoto wa Mlimani walikula ya kifuniko chekundu, wa Bondeni ya kifuniko cha buluu. Kila upande uliweka mlinzi jikoni mpaka sufuria yake ifunikwe, wenzao wasije wakatia sumu. Gunia lilikuwa moja na mpishi mmoja, lakini ukiwaambia hivyo wanakutazama kama umewatukania babu yao.

Popo hakuwa na sufuria. Mama yake alikuwa wa Mlimani, baba wa Bondeni, ndiyo maana wakambandika jina hilo: si ndege, si mnyama. Kila foleni ilimsukumia nyingine, akaishia kupewa mchuzi mtupu.

Basi wiki ile, kila walinzi walipoondoka, alibadilisha vifuniko. Mlimani wakala ya Bondeni na Bondeni ya Mlimani, wakiramba vidole na kusifu mkono wa kwao. Popo alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Ijumaa mlinzi mmoja akaitambua sufuria ya wenzake kwa mpini wake uliovunjika. Bwalo likachafuka. Walioshiba sasa hivi wakashika matumbo, wakidai wanakufa. Lawama zote zikamwangukia mpishi, na mkuu wa shule akamwambia afungashe vyake. Mama wa watu akaanza kuvua aproni.

Kicheko kikamkauka Popo. Akapanda juu ya benchi.

“Mwacheni mama. Nilibadilisha mimi, tangu Jumatatu.” Akaonyesha viganja vyake, vyeusi kwa masizi. “Nyote mmekula cha wenzenu na hakuna maiti. Kiranja wa Mlimani aliomba hata nyongeza.”

Kiranja akainamia sahani yake.

Mkuu wa shule akauliza kwa sauti ya mahakama ametumwa na nani, Mlimani au Bondeni.

“Nimejituma, mwalimu.”

Basi, mkuu akaamuru, aombe radhi pande zote mbili, la sivyo aende nyumbani. Popo akashuka, akamwendea mpishi, akainamisha kichwa.

“Mama, nisamehe. Nimekuponza.” Kisha akamgeukia mkuu. “Hao wengine siwaombi radhi. Jumatatu nikiwepo, nabadilisha tena.”