Uzito wa Misuko

Candide aliacha kushindana mwaka 2015, goti limemshinda, na hakuna aliyemlilia. Miaka yote aliyoteleza kwenye barafu, Mrundi peke yake katika mashindano ya Johannesburg, hakuwahi kuvuka nafasi ya nne. Akawa kocha. Watu wakasema afadhali, naye akakubali kwa sababu kubishana kulimchosha.

Kufika 2018 alikuwa na mwanafunzi wa kujivunia, Gaëlle, msichana wa Kikongomani aliyekulia Berea, mtaa wa hapohapo Johannesburg. Siku ya mashindano, Gaëlle alitakiwa aruke, ajizungushe hewani mara mbili na nusu, kisha atue kwa mguu mmoja. Akitua, anaingia timu ya taifa ya vijana. Akianguka, ndiyo basi.

Akaja na kichwa kipya. Mama yake, Angélique, alikuwa msusi, na kwao mtoto hapelekwi mbele za watu na kichwa cha jana, iwe komunyo, iwe harusi. Basi alikuwa amemsuka rasta ndefu za kufika kiunoni, akazikusanya utosini fundo kubwa kama sufuria. Lilikuwa fundo zuri, hakuna wa kubisha.

Wakati wa kupasha misuli moto, Gaëlle aliruka, akaanguka. Akaruka tena, akaanguka upande uleule.

"Ni nywele," Candide alisema kabla hata hajafikiri. "Mama Gaëlle, fundo hilo linamvuta. Lazima tuzipunguze."

Angélique alimtazama kama mtu aliyetukanwa kanisani. "Madame, nilimusuka siku muzima. Vidole bado vinaniuma."

"Naelewa, mama. Lakini ataanguka."

"Eish, madame. Mambo ya barafu mimi siyui. Kitu nayua kumufanyia huyu mutoto ni kichwa tu."

Candide alimwonea huruma, kweli, lakini huruma haikuwa imemfikisha mtu kwenye timu. Akanyamaza, akijua fika kwamba kocha akinyamaza ametoa amri. Angélique akatoa mkasi kwenye mkoba, akamketisha binti yake kwenye benchi, akafungua fundo na kuanza kukata. Gaëlle aling'ang'ania pindo la sketi yake. Rasta zilipoanguka sakafuni, mama aliinama akaziokota zote, asiwaachie wafagiaji hata moja.

Jina likaitwa, muziki ukaanza. Gaëlle akaja kwa kasi, kichwa chepesi, na safari hii Candide hakuwa na nywele za kutazama. Akaliona bega. Bega la kushoto lilifunguka na kuuvuta mwili kando kabla mguu haujaacha barafu, vilevile alivyokuwa akiruka Candide mwenyewe, vilevile alivyomfundisha mtoto huyu tangu siku ya kwanza. Gaëlle akaanguka upande uleule.

Aliinuka, akamaliza mchezo wake huku akitabasamu, kama alivyozoeshwa. Candide aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Angélique alikuwa amesimama kando yake, mkasi bado mkononi. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa adabu, kama mgonjwa anayemwuliza daktari dawa ya pili ni ipi.

"Madame, sasa tukate nini?"