Rafu ya Njano

Seon-hwa alikuwa mkutubi wa shule ya sekondari kisiwani Geoje, Korea Kusini, na hakuna kilichomsumbua mwaka ule kama kumtafutia Diem kitabu. Diem alikuwa na miaka kumi na minne. Alilelewa na bibi yake Vietnam, kisha akaletwa kwa mama yake, aliyeolewa na mchomeleaji wa meli. Kikorea alikizungumza kwa kubahatisha. Kukisoma, alisoma kama mtoto wa darasa la kwanza.

Vitabu vya kiwango hicho vilibandikwa utepe wa njano. Seon-hwa akamchagulia kimoja, cha sungura asiyetaka kupiga mswaki. Diem hakufika nacho mlangoni.

"Jamani, njooni muone! Dada mzima anasoma habari za sungura!" akapayuka msichana wa darasa lake. "Tumletee na chupa ya maziwa?"

Diem akakirudisha mezani, macho chini.

Kesho yake Seon-hwa akabandua tepe zote. Sungura akabaki sungura.

"Basi wewe unapenda nini, mwanangu?"

"Kazi ya baba. Moto. Chuma inashika chuma."

Vitabu vya kuchomelea vilikuwepo, vya wanafunzi wa ufundi. Diem akafungua kimoja, akala picha kwa macho. Kidole kiliposhuka kwenye maandishi, kikakwama neno la pili. Akafunga.

Seon-hwa akawapigia simu wachapishaji, akaulizia vitabu vyepesi vya vijana. "Kwa wanaoanza kusoma tuna vya wanyama, Mwalimu," wakamjibu. "Watoto wa umri huo si wameshajua kusoma?"

Akaamua kutunga mwenyewe kitabu cha kuchomelea, sentensi fupifupi, na picha za baba kazini alizoziomba kwa mama yake Diem. Diem akakisoma amesimama, midomo ikicheza. "Cheche zinaruka. Baba haogopi." Hakukwama popote. Mwishoni akacheka kwa sauti.

"Kingine, Mwalimu?"

"Bado sijaandika."

"Kesho?"

Kile kimoja kilikuwa kimemchukua mwezi mzima. Seon-hwa akazitazama rafu zilizojaa hadi darini, asione pa kunyoosha mkono.

"Nitajaribu," akasema.

Diem akainama kwa adabu, akatoka. Siku zilizofuata hakuja. Seon-hwa alimwona kupitia dirisha, amekaa peke yake uwanjani na simu yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekwama ukurasa wa tatu, akitafuta maneno mepesi ya kuelezea jinsi chuma kinavyoyeyuka, na hayapati.